KIDIRISHA CHA PAA: KAZI YAKE, UTUNZAJI WAKE NA VIDOLE VYA NDUGU YANGU

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Mwaka huu sikuletei ngano ya sungura na fisi. Nataka tujifunze kitu kimoja tu cha gari, nacho ni lile dirisha la kioo lililo kwenye paa, linalofunguka ukibonyeza swichi. Najua utaniuliza, "Wewe ambaye kila asubuhi tunakuona ukija shule kwa miguu, mambo ya gari umeyajulia wapi?" Swali zuri. Jibu liko mbele, wala si la kujivunia.

Tuanze na jina. Chamani tulibishana kikao kizima. Mmoja alisema tuliite "paa la jua", tukamcheka, maana paa la jua ni lile la mabati lisilo na dari, ambalo saa saba mchana huwezi kukaa chini yake. Madereva wa stendi ya Embu wao husema sanrufu na mambo yakaisha. Mimi nitaliita kidirisha cha paa. Mwenye neno bora alilete chamani mwaka ujao.

Kidirisha hiki si kitu kigeni kabisa. Babu hutuambia habari za Peugeot 504, gari lililoshinda mbio za Safari Rally mwaka wa 1975 na tena 1978. Baadhi ya hayo magari yalikuwa na kipande cha paa cha bati ambacho mtu alikisogeza kwa mkono. Kumbuka hilo neno, mkono. Mkono una akili yake: ukisukuma kitu na kigonge kitu kingine, unasikia hapo hapo na unaacha. Siku hizi kinachosukuma ni mota ya stima.

Sasa hebu tuingie ndani ya paa. Ukikibomoa (usibomoe cha mtu!) utakuta kioo kigumu kimekaa juu ya reli mbili za alumini, moja kila upande. Mota yenyewe ni ndogo, inatosha kiganjani. Ina meno, na meno hayo huvuta na kusukuma waya mbili za chuma zilizosokotwa kama skrubu ndefu. Waya zikisukumwa, kioo huteleza. Pembeni mwa kioo kuna raba, na chini ya raba kuna mfereji unaozunguka tundu lote. Huo mfereji tutaurudia, kwa sababu ndio watu wasioujua na ndio unaowatia hasara.

Ni nani asiyejua kidirisha hiki hutumiwaje huku kwetu? Wakati wa kampeni za uchaguzi wa Agosti 2022, magari makubwa yalipita kutoka Embu, Runyenjes, Chuka, Nkubu mpaka Meru, na karibu kila soko lilipata kiongozi wake aliyechomoza kifua kupitia paani, kipaza sauti mkononi. Watoto wa kwetu waliigiza mchezo huo miezi mingi. Walikuwa wanatoboa katoni, mmoja anatoa kichwa juu, wengine wanapiga makofi. Siwalaumu. Mimi pia nilikuwa nashangilia.

Halafu Desemba 2023 mjomba akaja nyumbani na gari. Lilikuwa limetoka Japani, kama mengi ya Kenya yaliyotumika kwanza kule, na redio yake ilikuwa bado inatusalimia kwa Kijapani. Kitabu cha maelezo pia kilikuwa cha Kijapani. Mjomba alikitia kwenye sanduku la dashibodi na akasema, "Hiyo tutasoma tukienda Tokyo." Tulicheka sana. Leo sicheki, maana maonyo yote ya kidirisha yalikuwa ndani ya kile kitabu.

Siku ya pili kulikuwa na sherehe nyumbani. Gari lilikuwa limeegeshwa uani chini ya mgrivea, ufunguo umewashwa ili redio iimbe. Ndugu yangu mdogo, wakati huo alikuwa na miaka sita, alipanda juu ya kiti cha nyuma na akatoa kichwa paani kuhutubia kuku. Mimi nilikuwa kiti cha mbele. Wingu likatanda, shangazi akaita kutoka jikoni, "Fungeni gari, mvua hiyo!" Nikamwambia mdogo wangu ashuke. Akashusha kichwa. Nikabonyeza swichi huku nikiangalia wale waliokuwa wanabeba viti kuingiza ndani.

Kioo kilienda, halafu kikasimama na kurudi nyuma chenyewe. Nikabonyeza tena, kikarudi tena. Nikasema moyoni, hiki kimekwama. Kwa hivyo mara ya tatu nikashikilia swichi kwa nguvu, sikuiachilia. Redio ilikuwa juu. Nilisikia sauti yake wakati kioo kilikuwa kimekwisha kufika mwisho.

Vidole viwili vya mkono wa kushoto. Alikuwa ameshuka kichwa, lakini mkono mmoja alikuwa bado ameshikilia ukingo wa paa ili asianguke kitini. Kucha moja iling'oka, na picha ya eksirei ilionyesha mfupa wa kidole cha kati umepasuka. Kilipona, lakini mpaka leo hakikunjiki vizuri. Nyumbani watu walisema gari ni bovu. Mjomba alimlaumu aliyemuuzia. Mimi nilinyamaza karibu wiki mbili kabla sijamwambia mama kwamba kilirudi mara mbili na nikakilazimisha.

Kumbe gari halikuwa bovu. Lilikuwa linanionya. Hili ndilo somo lenyewe, mpenzi msomaji, na nililipata kwa fundi mmoja wa Meru ambaye mjomba alimpelekea gari baadaye. Sheria za Marekani, na zile za Umoja wa Mataifa zinazofuatwa Ulaya, zinataka kidirisha kinachojifunga chenyewe kisimame na kurudi kabla hakijambana mtu kwa nguvu inayofika nyutoni 100. Wenzangu wa fizikia wanajua hiyo ni nini: ni kama uzito wa mtungi wenye lita 10 za maji. Hupimwa kwa vijiti vya unene wa kuanzia milimita 4 hadi 200, na kidole cha mtoto kimo humo katikati. Mota ikikutana na kizuizi hupunguza mwendo, kifaa kinagundua, na kioo kinarudi. Lakini wenye kutengeneza magari walifikiri pia juu ya dereva ambaye kioo chake kinarudi kwa sababu ya jani au mchanga huku mvua inanyesha. Kwa hivyo katika magari kadhaa ukizidi kushikilia swichi, ulinzi ule unazimwa na kioo kinafunga kwa nguvu zote. Ndivyo nilivyofanya. Kioo kikirudi chenyewe, ondoa kidole kwenye swichi, geuza shingo utazame juu, tena utazame ukingo wote. Anayebonyeza ndiye anayetazama, hawezi kumwachia mwingine.

Na usidhani ukizima gari hatari imekwisha. Magari mengi hubakiza stima ya madirisha kwa muda mfupi baada ya ufunguo kuzimwa, mara nyingi mpaka mlango wa mbele ufunguliwe. Mtoto aliyeachwa ndani anaweza kubonyeza. Chukua ufunguo, na umchukue mtoto.

Kuhusu kusimama paani gari likienda, sitasema mengi, kwa kuwa hesabu inajisemea. Kilomita 40 kwa saa ni takriban mita 11 kwa sekunde. Ukiwa umesimama hapo na dereva akanyage breki kwa sababu ya mbuzi, gari linasimama ila kifua chako kinaendelea na mita zake 11 mpaka kikutane na ukingo wa paa. Hiyo ni sheria ya kwanza ya Newton, ambayo tumeisoma mwaka huu huu. Tangu zile sheria za Michuki zianze kutumika mwaka wa 2004, hata abiria wa matatu anatakiwa kufunga mkanda. Aliyesimama paani mkanda atafunga wapi? Tena kuna matawi. Wale wanaoonekana kwenye magari ya watalii katika Mbuga ya Meru ni habari nyingine, yale ni magari yenye paa zima linaloinuliwa, na mwendo wa mbugani ni wa kunyata.

Sasa tufike kwenye maji. Novemba iliyofuata, mvua ya vuli ilipokolea, mjomba alipiga simu akilalamika kwamba dari la gari limelowa na zulia la mbele linanuka kama soksi za mchezaji. Jirani yake alimshauri apake gundi ya silikoni kuzunguka kioo chote. Bahati nzuri alimuuliza fundi kwanza. Fundi alicheka akasema raba ya kidirisha haikutengenezwa kuzuia kila tone. Huzuia mengi, na yale machache yanayopenya huanguka kwenye ule mfereji niliokuambia uukumbuke. Kila pembe ya mfereji huwa na mrija mwembamba, kwa kawaida minne. Miwili ya mbele hushuka ndani ya nguzo za kioo cha mbele, miwili ya nyuma hushuka nyuma, na maji humwagika nje chini ya gari. Ukipaka gundi umekigeuza kidirisha kuwa bati, na maji bado yatatafuta njia.

Gari la mjomba lilikuwa limelala miezi chini ya migrivea. Anayeishi Embu au Meru anajua majani ya mti huu yanavyomwagika kwenye mashamba ya kahawa, membamba kama manyoya. Yalikuwa yameingia mferejini, yakachanganyika na vumbi letu jekundu, yakawa udongo wa kufinyangia vyungu. Mirija miwili ilikuwa imeziba kabisa.

Fundi alituonyesha jinsi ya kupima, na hata mwanafunzi anaweza. Fungua kidirisha, gari likiwa mahali tambarare. Chukua kikombe cha maji, mimina polepole kwenye pembe moja ya mfereji, na mwenzako atazame chini ya gari. Maji yakitoka upesi, mrija ni mzima. Yakisimama, umeziba. Kuzibua, tumia uzi mnene wa nailoni, kama ule wa kuvulia samaki, uusukume taratibu kutoka juu. Waya wa chuma hutoboa mrija. Na usiende kwa wajaza upepo wa magurudumu ukawaambia wapulize. Upepo ule ukichomoa mrija ndani ya nguzo, maji yote yatamwagikia miguuni pako na kuurudisha ni kubomoa dari.

Reli nazo zipanguswe kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha zipakwe grisi ya reli kidogo tu. Mjomba alikuwa amepaka oili ya injini iliyotumika. Vumbi la barabara liliishika oili ile likawa msasa. Raba isafishwe kwa maji na sabuni, ipakwe mafuta ya silikoni. Petroli, mafuta ya taa, hata yale mafuta mazito ya kukamulia ng'ombe ambayo shangazi hutumia kwa kila kitu kuanzia midomo mpaka bawaba, yote hayafai raba hii. Na baada ya mvua pangusa kioo kabla hujafungua, la sivyo utaoga.

Kikikataa kusonga kabisa, angalia fyuzi kwanza. Usikivute kwa mikono, utatoa waya kwenye meno ya mota. Magari mengi yana tundu dogo karibu na taa ya ndani au mahali pengine darini, ambamo unaingiza spana ndogo ya pembe sita na kuizungusha taratibu mpaka kioo kifunge. Betri ikiwa ilitolewa, kidirisha huweza kusahau mahali pa kuanzia, na hapo ndipo kitabu cha gari kinahitajika, kwani kila aina ina njia yake ya kukikumbusha. Mjomba mwishowe alipata kitabu cha Kiingereza. Tumekisoma mimi naye, ukurasa kwa ukurasa, mezani.

Mjomba akija siku hizi kabla ya mvua, sisi ndio tunapima mirija. Mdogo wangu amekatalia kazi ya kikombe, ati hiyo ni yake. Husimama kwenye kigoda nje ya gari, ufunguo ukiwa mfukoni mwangu, akamimina kwa mkono wa kulia huku wa kushoto ameuweka nyuma ya mgongo bila kuambiwa na mtu. Mimi hulala chini nikitazama. Jumamosi iliyopita ile miwili ya nyuma ilitoka vizuri. Ya mbele kulia ikatoka. Ya mbele kushoto tulingoja, nikamwambia aongeze kikombe kingine.