Mahindi Yakipotea Ghalani, Nani Atalipa?

Mavuno ya mvua ndefu yanapoingia Suna Mashariki na Suna Magharibi, bei ya mahindi hushuka, na mzazi anayedaiwa karo hulazimika kuuza kwa bei anayotaka mnunuzi. Sheria ya Mfumo wa Stakabadhi za Ghala ya mwaka 2019 inampa njia nyingine. Mkulima hupeleka nafaka kwenye ghala lenye leseni, hupewa stakabadhi inayoonyesha uzito na daraja, kisha husubiri bei ipande au huitumia stakabadhi hiyo kuomba mkopo benki.

Stakabadhi hiyo ina thamani ikiwa mahindi yapo, au yasipokuwapo, ikiwa kuna wa kulipa. Kwa sababu hiyo Baraza la Mfumo wa Stakabadhi za Ghala, ambalo ndilo hutoa leseni, haliangalii paa na mizani pekee. Mwenye ghala huhitajika pia kuonyesha uwezo wake wa kifedha, bima na dhamana.

Bima na dhamana huchanganywa mara nyingi, na hapo ndipo wengi huumia. Bima hushughulikia majanga kama moto, mafuriko au wezi kuvunja mlango. Dhamana ni ahadi ya benki au kampuni ya bima kwamba mwenye ghala asipotimiza wajibu wake, walioweka mali watalipwa. Akiuza magunia ya watu kisirisiri, bima ya moto haitamsaidia mkulima hata kidogo.

Kiasi nacho ni muhimu. Tuchukulie dhamana iliwekwa kwa thamani ya magunia 4,000, lakini ghala likapokea 6,000. Yote yakipotea, dhamana inatosha theluthi mbili tu. Mkulima aliyeweka magunia 40 atapata fidia ya magunia 26 na ushei, hata kama yeye alifika wa kwanza. Bei nayo husogea. Magunia 40 kwa shilingi 3,000 ni shilingi 120,000. Bei ikifika 4,500 ni shilingi 180,000. Ulinzi uliopimwa kwa bei ya Agosti huenda usitoshe Machi.

Kwa hiyo, kabla ya kushusha mzigo, mkulima ana haki ya kuuliza: leseni inaisha lini? Ni ya ujazo gani? Bima inagusa majanga yapi? Nani ametoa dhamana, na ya kiasi gani? Mwenye ghala halali hatakasirika. Benki huuliza maswali hayo hayo kabla ya kutoa hata shilingi moja.

Stoo ya nyuma ya duka sokoni ni jambo jingine. Inaweza kuwa ya mtu mwaminifu kabisa, na kijitabu chake kikawa sahihi, lakini mahindi yakitoweka kinachobaki ni kumdai yeye mwenyewe, pengine mahakamani. Kijitabu hicho si stakabadhi ya ghala kisheria.

Anayejiandaa kwa msimu huu aanze na kukausha. Kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi ni unyevu usiozidi asilimia 13.5, na mzigo wenye maji zaidi unaweza kurudishwa mlangoni. Vyama vya ushirika na vikundi vinavyotaka kupeleka mzigo kwa pamoja vimwone afisa wa kilimo wa wadi mapema, kabla magari hayajakodiwa.