Usifute ufunguo wa zamani kwanza! Nilivyojifunza kubadilisha funguo za API za duka

Kama duka lako la mtandaoni linapokea malipo lenyewe na kumtumia mteja meseji lenyewe, basi ndani yake kuna funguo za API, hata kama hujawahi kuziona. Ni mstari mrefu wa herufi na namba ambao tovuti yako inautumia kujitambulisha kwa kampuni ya malipo au ya meseji. Anayeushika, mfumo unamwona kuwa ni wewe.

Mimi nauza vitenge hapa Makoroboi, Mwanza, na oda nyingi zinatoka Ukerewe na Sengerema. Tovuti alinitengenezea kijana mmoja, na funguo zote nilimtumia wasapu. Siku moja katika maongezi akaniambia ile simu ameshaiuza. Nilipoa. Mtu akiukuta ufunguo wa meseji anaweza kuwatumia wateja wangu ile "hela tuma kwenye namba hii", tena kwa jina la duka langu na kwa salio langu mwenyewe.

Nikakurupuka. Saa tatu asubuhi nikafuta ufunguo wa meseji na wa malipo, nikatengeneza mipya, nikabandika kwenye tovuti. Nikajiona fundi. Kumbe ule wa malipo ulikuwa umewekwa sehemu mbili: kwenye tovuti, na kwenye kaprogramu kengine kanakosoma malipo yaliyoingia na kuandika "imelipwa" kwenye oda. Kale kakabaki na ufunguo uliokufa. Mpaka saa tisa alasiri nilikuwa na oda 11 ambazo hela imeingia lakini mfumo unasema haijalipwa. Aliyenishtua ni mama mmoja wa Nansio: "Mwanangu, hela imekatwa tangu asubuhi, huku naandikiwa sijalipa. We ni tapeli au?" Mzigo wake ukakosa meli ya siku ile. Nikaomba radhi, gharama ya kusafirisha nikalipa mimi.

Tuseme geti la stoo lina mnyororo wenye kufuli mbili zilizoshikana. Ukifungua yoyote kati ya hizo, geti linafunguka. Ukitaka kubadilisha kufuli, unaongeza mpya kwanza, unawagawia watu wako ufunguo mpya, halafu ndiyo unaitoa ya zamani. Mifumo mingi inaruhusu hivyo hivyo. WooCommerce kwa mfano inakubali funguo nyingi zikifanya kazi kwa pamoja.

Kwa hiyo sasa hivi naanza na daftari. Naandika kila sehemu ufunguo ulipo: tovuti, programu ya stoo, simu ya msaidizi, kila kitu. Hapa usifanye haraka, maana mimi niliumia hapa hapa. Kama tovuti alikutengenezea mtu, mpigie umuulize, "umeuweka wapi na wapi?"

Halafu natengeneza mpya bila kugusa wa zamani, naupa jina linaloeleweka. Ile sehemu ya siri huwa inaonyeshwa mara moja tu, kwa hiyo usifunge ukurasa kabla hujaihifadhi mahali salama. Wasapu sio mahali salama. Na kila kazi ipewe ufunguo wake. Programu ya stoo inasoma oda tu, basi ipe ruhusa ya kusoma tu. Siku ukibadilisha mmoja, mwingine hautikisiki.

Nauweka sehemu moja, najaribu, ndiyo naenda nyingine. Kujaribu kwenyewe ni kuagiza kama mteja: nina bidhaa ya sh 1,000 nimeificha kwa kazi hiyo. Nalipa kwa simu yangu, naangalia oda imeandika imelipwa, na meseji imefika. Kuona tovuti inafunguka tu haitoshi, maana hata siku ile yangu ilikuwa inafunguka vizuri kabisa.

Baada ya hapo nasubiri. WooCommerce inaonyesha kila ufunguo ulitumika mara ya mwisho lini. Kama wa zamani bado unatumika leo, kuna sehemu umeisahau, rudi kwenye daftari. Mimi nasubiri wiki nzima kwa sababu nina ripoti inayojituma kila Jumapili. Ukiona kimya, na mfumo unaruhusu kuuzima bila kufuta, uzime kwanza. Kitu kikigoma unauwasha tena. Siku mbili tatu zikipita salama, futa.

Kama mfumo wako unakubali ufunguo mmoja tu, fanya usiku oda zikiwa zimetulia, na kwa muda ule zima malipo ya mtandaoni, waachie wateja kulipa mzigo ukifika. Usiache mtu alipe katikati ya mabadiliko.

Ila sikia. Haya yote ni kama hujaona dalili za wizi. Ukiona salio la meseji linashuka bila oda, au miamala usiyoijua, usisubiri siku wala saa. Kata ufunguo papo hapo, duka lisimame. Nusu siku bila mauzo inavumilika.

Yule mama wa Nansio aliagiza tena mwezi uliofuata. Ila alichagua kulipa mzigo ukifika.