DARSA: ALIYEMUUZA MTU HURU NA ALIYEMDHULUMU KIBARUA

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba wake. Amma baad.

Ndugu zangu wa halaka, katika darsa iliyopita kijana mmoja wa hapa Mau Narok aliuliza suala lililonyamazisha msikiti mzima. Alisema: "Maalim, shuleni tumesomeshwa ya kuwa waliouza watumwa pwani walikuwa Waislamu. Ni kweli, au ni uzushi wa maadui wa dini?" Wazee wawili walitaka nimkemee. Nikamwambia angoje, kwani suala lake ni la haki, na jawabu la haraka nusu yake huwa ni hasira.

Jawabu ni hili: Ndiyo, mwanangu, ni kweli. Misafara ya pwani ilikwenda bara, khasa pande za Ziwa Nyasa, ikarudi Kilwa na watu waliofungwa minyororo, na kutoka Kilwa wakapakiwa majahazini kwenda Unguja. Wengine walivushwa mpaka Arabuni. Wengine wakatiwa katika mashamba ya mikarafuu ya Unguja na Pemba, na ya nafaka huko Malindi. Kwa miaka ya 1860, makadirio ya wanahistoria yafika watu kiasi cha 20,000 kwa mwaka walioingizwa Unguja. Na wengi katika waliowauza walikuwa watu wa kusali.

Ama wanunuzi hawakuwa Waislamu peke yao. Mwaka 1776 Mfaransa Morice alifunga mkataba na Sultani wa Kilwa auziwe watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya visiwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi. Na wako watawala wa bara waliouza mateka wao. Lakini uchafu wa nguo ya jirani hautakasi nguo zetu.

Je, dini iliwaruhusu? Sheria yetu iliukuta utumwa duniani, ikafungua milango ya kuutoka. Kumwacha mtumwa huru ni kafara ya makosa mengi. Fungu moja la zaka limewekwa kwa ukombozi. Na Suratul Balad yaifananisha kazi hiyo na kupanda njia ya mlima. Sisi tunaokaa juu ya Mau twajua mpando ni nini! Ama mtu aliyenyakuliwa usiku kijijini mwake, pasipo vita vya sheria, huyo katika fikihi hakuwa mtumwa. Alikuwa mtu huru aliyeibwa.

Na hapa ndipo pana aibu yetu. Sayyid Barghash alitia sahihi mkataba wa kulifunga soko la Unguja tarehe 5 Juni 1873, manowari za Kiingereza zikimtishia. Utumwa ukafutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Mlango uliotupasa kuufunga kwa dini yetu, tulingoja tufungiwe kwa mizinga. Na fidia walipewa mabwana. Waliotumikishwa hawakupewa kitu.

Basi, je, wageni hao waliokuja kwa jina la kukomesha utumwa waliondoa dhulma? La! Itazameni nchi hii tuliyokaa. Kwa mikataba ya 1904 na 1911 Wamasai waliondolewa katika malisho yao ya Bonde la Ufa, kisha ya Laikipia, na ardhi wakapewa walowezi. Ardhi ikapatikana, wa kuilima hawakutosha. Ikatozwa kodi ya nyumba tangu 1901, na kodi ya kichwa tangu 1910, ili mtu alazimike kutafuta fedha, na fedha iko shambani kwa Mzungu. Sheria ya kipande, iliyotungwa 1915, ikatiwa nguvu baada ya Vita Vikuu: mwanamume avae karatasi yake shingoni ndani ya kijaluba cha bati, na akiacha kazi pasipo sahihi ya bwana, ana kosa la jinai. Mwaka 1919 Gavana Northey aliwaamuru maafisa wawahimize watu waende mashambani, hata wanawake na watoto.

Ama maskwota, sheria ya 1918 iliwadai siku zisizopungua 180 za kazi kwa mwaka ili wapate mahali pa kukaa na kulisha mifugo. Kisha mifugo yenyewe ikaondolewa, na watu wa Bonde la Ufa wakaipa dhiki hiyo jina la "kifagio". Sheria ya 1937 ikawapa walowezi uwezo wa kuongeza siku na kupunguza mifugo zaidi. Na majirani zetu wa Olenguruone, waliopewa makao mwanzoni mwa miaka ya 1940, walikuwa wamekwisha kufukuzwa kufikia 1950.

Sisemi kuwa mambo mawili haya ni sawasawa. Skwota hakuuzwa sokoni, wala mtoto wake hakurithiwa. Lakini Mtume wetu, katika hadithi iliyopokewa na Bukhari, ametupa khabari ya watu watatu ambao Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa khasimu wao Siku ya Kiyama. Mmoja ni aliyemuuza mtu huru akala thamani yake. Mwingine ni aliyemwajiri mtu, akaitimiza kazi yake, asimpe ujira. Wamewekwa safu moja! Basi asijifiche mtu nyuma ya mwenziwe.

Nami nina la kukiri. Mwaka mmoja nililima viazi, nikawaambia vibarua wangoje mpaka niuze. Nikauza, nikalipa deni la mbolea kwanza. Mama mmoja alikuja mlangoni baada ya Isha, mtoto mgongoni, akasema kwa adabu: "Sheikh, nyumbani hamna unga." Usiku ule ndipo nilipoifahamu hadithi niliyokuwa nikiisomesha miaka ishirini.

Kwa hiyo, mwanangu, usiione haya historia hii, wala usiitetee. Isome yote. Na ninyi wenye mashamba ya ngano, viazi na pareto: kabla ya darsa ijayo, kila mmoja wetu ahesabu anayemdai, akamlipe. Wabillahi tawfiq.