Digrii ya uuguzi kwa njia ya masafa: Je, Baraza litakupa leseni?

Mama mmoja anayeuza mitumba katika soko la Mutindwa huja katika kliniki yangu hapa mtaani Tena kila mwezi kupimwa presha. Mwezi uliopita mashine ilionyesha 180 kwa 110. Nilimuuliza kama alikuwa ameacha kumeza dawa.

"Dawa nameza, Daktari," akanijibu. "Ni haya masomo ya msichana wangu yatakayonimaliza."

Bintiye alipata gredi ya C katika mtihani wa KCSE. Ajenti wa chuo kimoja cha ng'ambo akamshawishi kwamba angeweza kupata digrii ya uuguzi kwa kompyuta, bila kutoka nyumbani. Mama akachukua mkopo katika chama chake, na kwa miaka miwili binti akasoma katika chumba cha kulala na kufaulu kila jaribio alilotumiwa. Siku alipokwenda hospitali kuomba nafasi ya mazoezi, aliulizwa swali moja tu: "Nambari yako ya Baraza la Wauguzi ni ipi?" Hakuwa nayo, wala hakujua kwamba ilihitajika.

Kwa kuwa wazazi wengi wa mitaa hii yetu ya Eastlands wameniuliza swali kama hili, leo tutalieleza hatua kwa hatua. Je, digrii ya uuguzi iliyosomwa kwa njia ya masafa inakubaliwa?

Jibu fupi ni hili: kwa muuguzi ambaye tayari amesajiliwa na anataka kujiendeleza, mara nyingi inakubaliwa, mradi chuo na kozi viwe vimeidhinishwa. Kwa kijana anayetoka shule ya upili na ambaye hajawahi kuingia wodini, masomo ya kompyuta pekee hayatamfanya muuguzi.

Digrii si leseni

Watu wengi huchanganya vitu viwili. Digrii au diploma hutolewa na chuo, nayo huonyesha kwamba umesoma. Leseni hutolewa na Baraza la Wauguzi la Kenya, lililoundwa chini ya Sheria ya Wauguzi, Sura ya 257, ya mwaka 1983. Leseni ndiyo inayokuruhusu kumgusa mgonjwa. Kufanya kazi ya uuguzi bila kusajiliwa ni kosa la jinai, hata kama umeitundika digrii yako ukutani.

Safari ya kupata leseni huanza mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mwanafunzi anapojiunga na chuo kilichoidhinishwa, chuo hicho humwandikisha kwa Baraza naye hupewa nambari ya mwanafunzi. Kisha husoma nadharia huku akifanya mazoezi katika wodi za watoto, za upasuaji, za wazazi na katika zahanati za mashinani. Anapomaliza hufanya mtihani wa Baraza lenyewe, tofauti na ule wa chuo. Mwenye digrii hufanya pia mwaka mmoja wa kazi chini ya usimamizi hospitalini.

Binti wa mama yule alikosa hatua ya kwanza, na asiyekuwa na hatua ya kwanza hawezi kufika ya mwisho.

Jambo jingine la kukumbuka ni kwamba Sheria ya Vyuo Vikuu ilifanyiwa marekebisho mwaka 2016, na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ikapewa mamlaka ya kuidhinisha kozi za vyuo vikuu. Jambo hili lilizua mvutano kati ya Tume na mabaraza ya taaluma mbalimbali. Kwa mzazi, njia salama ni kuhakikisha kwamba chuo kinatambuliwa pande zote mbili. Kutambuliwa na mmoja tu kunaweza kumwacha mtoto njia panda.

Waliosoma mbali na wakafaulu

Tusije tukadhani kwamba masomo ya masafa ni ulaghai mtupu. Kenya imewahi kuyatumia kwa njia iliyosifiwa katika nchi nyingi.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, idadi kubwa ya wauguzi humu nchini walikuwa na cheti tu. Magonjwa kama vile Ukimwi yalihitaji ujuzi zaidi, na ilionekana wauguzi kama 20,000 wapandishwe kufikia kiwango cha diploma. Kwa nafasi chache zilizokuwapo madarasani, ilikadiriwa kwamba kazi hiyo ingechukua zaidi ya miaka 100! Tena, kama wote wangeacha kazi kwenda shule, nani angebaki wodini?

Mwaka 2005 shirika la AMREF, Baraza la Wauguzi, kampuni ya Accenture na vyuo vya mafunzo vilianzisha masomo ya kompyuta. Muuguzi aliendelea na kazi, akasoma wakati wa mapumziko, akafanya mazoezi ya wodini chini ya wasimamizi, kisha akafanya mtihani wa Baraza.

Sista anayefanya kazi nami hapa Tena alipita njia hiyo. Alikuwa na cheti, akapata diploma bila kuacha kazi hata siku moja, na amesajiliwa kama wenzake waliosoma darasani. Lakini angalieni tofauti: alipoanza masomo hayo, alikuwa tayari amezalisha akina mama wengi na kudunga sindano zisizohesabika. Kompyuta ilimwongezea maarifa. Mikono yake ilikuwa imekwisha kufunzwa.

Kwa nini wodi haiwezi kuletwa nyumbani?

Usiku mmoja mtoto wa miezi minane aliletwa kwangu akiwa na degedege. Alikuwa ameharisha siku tatu na mishipa yake ilikuwa imezama. Kitabu kinaeleza vizuri mahali mshipa ulipo, lakini hakiwezi kukufundisha jinsi ya kuuhisi kwa ncha ya kidole huku mama analia kando yako. Sista aliupata kwa jaribio la pili. Angekuwa mtu aliyesomea kwenye skrini pekee, nadhani hadithi hiyo ingekuwa na mwisho mwingine.

Hii ndiyo sababu mabaraza kote duniani huhesabu saa za mazoezi. Huko Uingereza, kanuni za mwaka 2018 ziliweka saa 4,600 za mafunzo, nusu yake zikiwa za kazi ya vitendo. Chuo cha Open University, kinachojulikana sana kwa masomo ya masafa, kimefunza wauguzi kwa mpango huo: nadharia nyumbani, mazoezi hospitalini.

Ng'ambo nako kuna vikwazo

Vijana wengi husomea uuguzi wakitazamia kwenda nje, hasa baada ya Kenya na Uingereza kutia saini mkataba wa wahudumu wa afya mnamo Julai 2021. Nao wafahamu kwamba digrii inayokubaliwa mahali pamoja yaweza kukataliwa kwingine.

Mfano mzuri ni chuo cha Excelsior cha jimbo la New York, Marekani. Kilifundisha uuguzi kwa masafa watu waliokuwa tayari na uzoefu wa kazi za afya, na mwishoni kikawapa mtihani mkali wa vitendo. Majimbo kadhaa yaliwakubali. Lakini California iliwakataa waliojiunga baada ya Desemba 6, 2003, kwa sababu sheria yake ilitaka mazoezi ya wodini yaende sambamba na nadharia tangu mwanzo. Ni digrii ile ile na nchi ile ile, lakini majibu yakawa mawili.

Baya zaidi lilifichuka Januari 2023, serikali ya Marekani ilipotangaza kwamba vyuo vitatu vya Florida viliuza diploma bandia za uuguzi zaidi ya 7,600. Kwa hiyo mabaraza sasa huchunguza vyeti kwa makini, na mwenye cheti cha halali lakini kisichokuwa na saa za mazoezi naye hutazamwa kwa shaka.

Kabla ya kulipa karo

Msomaji, kabla ya kutoa hata shilingi moja, uliza maswali haya:

1. Je, chuo hiki kimo katika orodha ya Baraza la Wauguzi? Orodha hiyo hutolewa kwa umma. Usikubali picha iliyoletwa na ajenti. Itafute mwenyewe katika tovuti ya Baraza au fika ofisini kwao.

2. Je, kozi hii ni ya anayeanza, au ya muuguzi aliyesajiliwa tayari? Matangazo mengi hulificha jambo hili kwa herufi ndogo.

3. Mazoezi yatafanyiwa hospitali gani, kwa saa ngapi, na nani atatia saini? Chuo kikikuambia ujitafutie, shtuka.

4. Nitaandikishwa lini kwa Baraza? Kama hakuna jibu, usilipe.

5. Ninataka kufanya kazi wapi? Andikia baraza la nchi au jimbo hilo mapema, nawe uweke jibu lao.

Na yule binti je? Nilimweleza kwamba miaka miwili ile haikupotea yote, kwani alilolijua kuhusu mwili wa binadamu analijua. Lakini lazima aanze upya. Kwa C yake anaweza kuomba diploma ya miaka mitatu katika chuo cha KMTC au chuo kingine kilichoidhinishwa, mradi gredi za masomo yanayotakiwa ziwe sawa. Akishasajiliwa na kupata kazi, hapo ndipo digrii ya masafa itakapomfaa. Njia ni ile ile aliyoitaka, ila aliiingilia kwa mlango wa nyuma.

Alilia kidogo, kisha akaomba karatasi aandike mahitaji. Juma lililopita mama yake alirudi na mashine ikasoma 150 kwa 95. Bado iko juu na nimemwongezea dawa. Lakini alinionyesha fomu ya maombi ya chuo, imejazwa na kukunjwa vizuri ndani ya mkoba.