BUNDUKI MBILI ZA MWINDAJI: NAMNA YA KUCHAGUA KALIBRI

Ninyi wasomaji wa Kasaji, na ninyi wa vijiji vya kandokando ya reli kutoka Dilolo mpaka Kolwezi, somo hili ni lenu. Wengi wenu mna ndugu waliofanya kazi miaka mingi katika migodi ya shaba. Mtu akirudi kijijini na akiba yake hujiuliza: Ninunue nini? Mmoja hununua mabati, mwingine baiskeli. Mwingine husema: Mimi nataka bunduki, na pesa zikitosha, nitaagiza mbili kwa fundi.

Fikira hiyo si mbaya kwa mtu mwenye ruhusa. Nguruwe wa pori huweza kumaliza shamba la mihogo kwa siku chache tu, na watoto wanataka kitoweo. Lakini bunduki isiyofaa ni hasara mara tatu. Kwanza, pesa zimekwisha. Pili, mnyama amekimbia na jeraha, akafa mbali, na nyama imeliwa na fisi. Tatu, huenda mwindaji mwenyewe asirudi nyumbani. Basi tujifunze kabla ya kununua.

I. KALIBRI NI NINI?

Kalibri ni upana wa tundu la mtutu. Watu huihesabu kwa njia tatu, na wasiojua huchanganyikiwa.

Njia ya kwanza ni ya bunduki za marisau. Chukua ratili moja ya risasi, yaani grama 453, uigawe iwe vidonge 12 vilivyo sawa. Kidonge kimoja kitaingia sawasawa katika mtutu wa kalibri 12. Ukiigawa iwe vidonge 20, kila kidonge kitakuwa kidogo zaidi, nacho kitaingia katika mtutu wa kalibri 20. Kwa hiyo, katika bunduki hizi, namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo. Kalibri 12 ina upana wa milimita 18 na nusu. Kalibri 20 ina milimita 15 na nusu na kidogo.

Njia ya pili ni ya bunduki za risasi moja, ambazo mtutu wake una mistari ya kuzunguka ndani ili risasi iende ikizunguka na kunyoka. Hizi hupimwa kwa milimita. Ukiona imeandikwa 9.3 × 62, namba ya kwanza ni upana, na namba ya pili ni urefu wa ganda la kartushi.

Njia ya tatu ni ya Waingereza na Wamarekani. Wao hupima kwa inchi, na inchi moja ni milimita 25.4. Kalibri .375 maana yake ni sehemu 375 katika 1,000 za inchi, yaani milimita 9 na nusu.

II. KWA NINI BUNDUKI MBILI?

Fundi seremala hana shoka moja kwa kazi zote. Ana shoka la kuangusha mti na patasi ya kutoboa tundu. Akitumia shoka kutoboa, huharibu ubao. Akitumia patasi kuangusha mti, hucheka kila mtu.

Ndivyo ilivyo kwa bunduki. Risasi nzito ikimpiga paa mdogo, nyama huharibika, na kartushi ya bei kubwa imepotea kwa kitoweo kidogo. Risasi nyepesi ikimpiga mbogo mahali pasipofaa, mbogo haanguki. Huingia katika majani marefu, hugeuka, hungoja juu ya njia yake mwenyewe. Mtu anayemfuata hamwoni mpaka yu karibu sana. Wawindaji wengi wa Afrika wamekufa namna hii.

Kwa hiyo wawindaji wenye akili huchagua bunduki mbili: nyepesi kwa kazi ya kila siku, nzito kwa wanyama wakubwa.

III. WATU WA ZAMANI WALICHAGUAJE?

Theodore Roosevelt, aliyekuwa mkuu wa Marekani, alikuja kuwinda Afrika ya Mashariki mwaka wa 1909, akafika hata Lado karibu na Nile mwaka wa 1910. Hakuja na bunduki ya namna moja. Alikuwa na Springfield ya kalibri .30 kwa wanyama wa kadiri, Winchester ya .405 kwa walio wakubwa zaidi, na bunduki nzito ya mitutu miwili iliyofanywa na Holland & Holland wa London. Alikuwa na wachukuzi wengi wa kubeba yote hayo. Sisi hatuna wachukuzi, mbili zatutosha.

Mwingine alikuwa Walter Bell, Mskoti, aliyewinda tembo Karamoja katika Uganda, na Lado, na hata Kongo. Aliua tembo zaidi ya 1,000, na wengi wao kwa bunduki ndogo ya 7 × 57. Watu wakisikia habari hii husema: Basi bunduki ndogo yatosha kwa kila mnyama! Wamekosa. Bell alipasua vichwa vya tembo ili ajue hasa ubongo ulipo, alikuwa na shabaha kuliko watu wengi, na alitumia risasi ngumu zisizopasuka. Tena katika siku zake tembo walikuwa wengi, aliweza kumwacha mmoja na kumngoja mwingine aliyesimama vizuri. Leo tembo hulindwa, asiguswe. Tusichukue bunduki ya Bell bila kuwa na macho ya Bell.

Mtu wa tatu ni Otto Bock, fundi wa bunduki wa Berlin. Mwaka wa 1905 alifanya kartushi ya 9.3 × 62 kwa ajili ya watu waliokaa Afrika. Aliona kwamba bunduki nzito za Waingereza ni za bei kubwa mno kwa mkulima. Akatengeneza kartushi yenye nguvu inayoingia katika bunduki ya kawaida ya Mauser ya 1898. Mkulima akapata nguvu nyingi kwa pesa chache. Kumbukeni jambo hili, tutalirudia.

IV. MASWALI MANNE KABLA YA KUCHAGUA

1. Nitawinda mnyama gani? Hesabu wanyama wanaoonekana kwenu kweli, usihesabu wale wa hadithi za babu. Karibu na migodi wanyama wakubwa wamepungua sana. Kama kwenu wako paa, pongo na nguruwe tu, bunduki nzito itakaa ukutani na kupata kutu.

2. Nitapiga kutoka mbali gani? Katika msitu wetu wa miombo mara nyingi humwoni mnyama mpaka ni mita 50 au 80. Bunduki ya kupiga mita 400 haina kazi huko.

3. Kartushi zitapatikana wapi? Bunduki bila kartushi ni fimbo ya bei kubwa. Kabla ya kuagiza, uliza mwuzaji mwenye ruhusa kama anazo, na bei yake ni nini. Kalibri ya ajabu ambayo wachache wanayo ikatae, hata ukisifiwa namna gani.

4. Bega langu litavumilia? Katika bunduki zenye uzito mmoja wa kilo 4, 9.3 × 62 hurudisha nyuma kwa nguvu zaidi ya mara mbili kuliko 7 × 57. Mtu anayeogopa bunduki yake hufumba macho, huvuta kwa haraka, hukosa. Afadhali risasi ndogo mahali pake kuliko risasi kubwa tumboni.

V. SHAURI LETU

Tazameni hesabu hii ya kartushi tatu:

7 × 57: risasi ya grama 11, mwendo wa mita 700 kwa sekunde.
9.3 × 62: risasi ya grama 18 na nusu, mwendo wa mita 720 kwa sekunde.
.375 ya Holland & Holland, ya mwaka wa 1912: risasi ya grama 19 na kidogo, mwendo wa mita 770 kwa sekunde.

Mwendo wa 7 × 57 na wa 9.3 × 62 ni karibu sawa. Tofauti ni uzito. Kwa hiyo nguvu ya 9.3 ni kama mara moja na robo tatu ya ile ya 7. Hiyo inatosha kwa palahala na pofu, na kwa mbogo pia, ikiwa sheria inaruhusu na mwindaji ana moyo mtulivu.

Kartushi ya .375 ina nguvu zaidi kidogo, na katika nchi kadhaa za Afrika sheria imeiweka kuwa ndogo ya mwisho kwa wanyama wa hatari. Lakini ni ndefu. Inataka bunduki yenye mwili mrefu, na bei hupanda.

Basi kwa mtu wa huku mwenye ruhusa anayeagiza bunduki mbili, shauri letu ni hili: ya kwanza 7 × 57, ya pili 9.3 × 62. Zote mbili huingia katika mwili mmoja wa Mauser. Mwambie fundi azifanye kama mapacha: kitako cha urefu mmoja, uzito karibu sawa, shabaha ya namna moja, kizuizi cha usalama mahali pamoja. Mkono uliozoea ile nyepesi kila juma utaijua na ile nzito siku ya hatari. Mbogo akija hakuna nafasi ya kutafuta kizuizi.

Kama huna pesa za mbili, usiazime pesa. Na mwenye kulinda shamba tu, bunduki moja ya marisau ya kalibri 12 yamtosha. Kartushi zake hujulikana kila mahali. Msisahau methali: Mshika mawili, moja humponyoka.

VI. HATARI TATU

Ya kwanza: Msiweke kalibri 12 na kalibri 20 katika nyumba moja. Kartushi ya 20 ikitiwa kwa makosa katika mtutu wa 12, huteleza ndani, hukwama mbele, wala haionekani. Mtu huona mtutu u mtupu, hutia kartushi ya 12 nyuma yake, hupiga. Mtutu hupasuka karibu na mkono wa kushoto. Kwa sababu hii viwanda vingi hupaka kartushi za 20 rangi ya manjano. Lakini usiku rangi haionekani.

Ya pili: Msichanganye kartushi katika mfuko mmoja. Kila bunduki iwe na mfuko wake, wenye alama ambayo mkono huitambua gizani, kama fundo la kamba.

Ya tatu: Jihadharini na bunduki zilizofanywa kwa bomba. Kuna mafundi wa kuchomelea wanaochukua bomba la maji na kulifanya mtutu, nazo ndizo pupu nyingi. Hewa katika gurudumu la gari ina nguvu ya bar 2 au 3. Kartushi ya kawaida ya kalibri 12 huruhusiwa kufika bar 740. Kartushi ya 7 × 57 na ya 9.3 × 62 huruhusiwa kufika bar 3,900. Bomba la maji halikufanywa kwa kazi hiyo. Leo litavumilia, kesho litavumilia, kesho kutwa litachukua vidole au jicho. Bunduki ya kweli hujaribiwa kwanza kwa kartushi yenye nguvu kupita kawaida, kisha hupigwa alama. Huko Liège katika Ubelgiji nyumba ya kujaribu bunduki ilianza mwaka wa 1672. Tafuta alama ya namna hiyo juu ya mtutu kabla ya kutoa pesa yako.

VII. KARATASI KWANZA

Katika Kongo sheria ya kuwinda ni ya tarehe 28 Mei 1982, na sheria ya silaha ni ya tarehe 3 Septemba 1985. Zataka ruhusa mbili: ya kuwa na bunduki, na ya kuwinda. Nendeni kwa msimamizi wa teritware mkaulize kabla ya kuagiza, si baada. Ulizeni pia wanyama gani wanalindwa, na miezi gani imefungwa. Katika hifadhi ya Upemba, iliyowekwa mwaka wa 1939, kuwinda kumekatazwa.

Mwenye bunduki aifunge mahali pasipofikiwa na mtoto, na kartushi mahali pengine. Asimwazime shemeji wala rafiki, hata akilia.

MASWALI YA KUJIBU

1. Kalibri 12 na kalibri 20, ipi ina tundu kubwa? Kwa nini?
2. Katika 9.3 × 62, namba ya pili ni kipimo cha nini?
3. Kwa nini Bell aliweza kuua tembo kwa bunduki ndogo?
4. Kwa nini yafaa bunduki mbili ziwe kama mapacha?
5. Ni wanyama gani wanaoonekana katika pori la kijiji chenu mwaka huu? Waandikeni, kisha semeni ni bunduki ipi inayowafaa, au kama hakuna haja ya bunduki.