Nakala Rudufu za Muda Mrefu: Uchague Njia Ipi?

Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka mlipakodi atunze kumbukumbu zake kwa miaka 5. Kwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Dodoma aliyeacha daftari na kuhamia kwenye kompyuta, sharti hilo lina maana moja: faili la mauzo ya leo lazima liweze kufunguka baada ya miaka 5. Watumiaji wengi hukwama hapo, kwa kudhani kuwa kilichonakiliwa kimekwishatunzwa.

Tuanze na flashi, kwa kuwa ni rahisi kupatikana. Flashi, kadi za memori na diski za kisasa zisizo na sahani inayozunguka hutunza data kwa chaji ndogo za umeme. Kifaa kikikaa muda mrefu bila kuunganishwa na umeme, chaji hizo huvuja polepole, na joto huharakisha uvujaji. Droo ya chumba kilichoezekwa bati, kisicho na dari, ni mahali pabaya kwa kifaa hicho. Flashi itumike kubebea data, isifanywe ghala.

Diski ya nje yenye sahani inayozunguka huandika data kwa sumaku, hivyo huvumilia zaidi kukaa kabatini. Maadui wake ni kuanguka, unyevu na uchakavu wa mota. Vumbi letu la kiangazi nalo huziba tundu la waya. Tunashauri ihifadhiwe katika kopo lenye mfuniko, iwashwe walau kila miezi 6, na ibadilishwe baada ya miaka 5 hata kama ingali nzima. DVD hatuipendekezi sana, kwani kompyuta nyingi mpya haziwezi kuisoma.

Hifadhi ya mtandaoni inakukinga dhidi ya wizi na moto wa dukani, lakini ina masharti yake. Mwezi Mei 2024, hitilafu katika kebo za EASSy na Seacom zilizo chini ya bahari ilidhoofisha intaneti nchini. Aliyekuwa na nakala mtandaoni pekee alilazimika kusubiri. Ada ikikoma kulipwa, mtoa huduma anaweza kufuta faili zako. Aidha, ukitunza taarifa za wateja au wanachama, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeweka masharti ya kuzisafirisha nje ya nchi. Muulize mtoa huduma seva zake ziko wapi kabla hujalipa.

Lipo kosa jingine tunalopenda kulisisitiza. Huduma inayolinganisha folda ya kompyuta na ya mtandaoni si nakala rudufu kamili. Ukifuta faili kwa bahati mbaya, au programu hasidi ikilifunga na kudai fidia, badiliko hilo hufika mtandaoni pia. Hakikisha huduma unayoichagua inakuruhusu kurudisha matoleo ya zamani, na ujue ni kwa siku ngapi.

Kwa hiyo usichague njia moja. Uwe na nakala 3, zilizo katika vyombo vya aina 2, na mojawapo ikae nje ya jengo. Matope yaliyoporomoka kutoka Mlima Hanang tarehe 3 Desemba 2023 yalizikumba nyumba na maduka ya Katesh kwa pamoja. Nakala iliyowekwa chumba cha pili isingesaidia kitu. Mwenye duka wetu anaweza kubaki na kompyuta yake, diski moja nyumbani kwake Nkuhungu, na nakala ya mtandaoni iliyofungwa kwa nywila.

Programu ya hesabu nayo yaweza kuacha kutengenezwa, hivyo hifadhi ripoti za kila mwezi katika muundo wa PDF pia. Kisha, mara moja kwa mwaka, chukua ile diski ya nyumbani, iunganishe na kompyuta nyingine, na ufungue faili la mwaka wa zamani kabisa. Nywila iandikwe kwenye karatasi, iwekwe ndani ya bahasha, na mtu mmoja unayemwamini ajue bahasha hiyo ilipo.