Somo la 9: Safari ya Gunia la Mahindi

Mahindi hutoka shambani, hukaa ghalani, hupanda gari, hufika sokoni, ndipo huingia chunguni. Safari hiyo ni ndefu, na kila kituo kina hatari yake.

Mwaka 2004, mashariki ya Kenya, watu 317 waliugua. Kati yao 125 walikufa. Walikuwa wamekula mahindi yenye sumukuvu. Mahindi yaliwekwa yakiwa na unyevu, yakaota kuvu, na kuvu ikatoa sumu. Mengine yaliuzwa madukani na sokoni. Hivyo sumu ilitoka ghala la mtu mmoja, ikafika chungu cha mwingine asiyemjua.

Sumukuvu haionekani kwa macho. Kupika hakuiondoi. Dawa yake ni kuizuia mapema.

Je, kikundi chenu kinanunua au kusafirisha mahindi? Katika kila kituo jiulizeni: Nini kinaweza kuharibika hapa? Tutajuaje? Tutafanya nini?

1. Shambani. Usianike mahindi juu ya udongo. Yaanike juu ya turubai au kichanja.

2. Kabla ya kufunga gunia. Chukua chupa kavu. Tia mahindi hadi theluthi moja, kisha vijiko viwili vya chumvi kavu. Funga, tikisa kwa nguvu, halafu acha robo saa. Chumvi ikiganda kwenye chupa, mahindi bado yana unyevu. Yaanike tena. Kumbuka: chumvi hupima unyevu, haipimi sumu.

3. Ghalani. Panga magunia juu ya vichaga, mbali na ukuta.

4. Garini. Kagua kabla ya kupakia. Je, sakafu ina maji, mafuta au dawa? Je, turubai lina matundu? Andika tarehe, idadi ya magunia na yalikotoka. Tatizo likitokea, mtajua magunia yapi ya kuondoa.

5. Kupokea. Tenga magunia yaliyolowa au yenye kuvu. Usiyachanganye na mazuri. Usimpe ng'ombe wa maziwa mahindi yenye kuvu, maana sumu hupita hadi kwenye maziwa.

Kupoteza gunia moja ni hasara. Kupoteza mtu ni msiba.

Maswali
1. Kwa nini kupika hakutoshi?
2. Chumvi hutuonyesha nini?
3. Mahindi ya kijiji chenu hupita vituo gani? Viandike. Hatari kubwa iko wapi?